Schönberg na Schoenberg: ni mtu mmoja au wawili?

Mwalimu_wa_Kinanda (Ujiji, Kigoma)

Habari za jioni wakuu. Nina swali, na naomba mnivumilie kwa urefu wake.

Nafundisha watoto muziki jioni baada ya shule, bandani nyuma ya nyumba yetu hapa Ujiji. Wako kumi na wanane, Waislamu kwa Wakristo. Vifaa vyetu ni kinanda kimoja cha umeme ambacho kitufe cha juu kabisa hakilii, ngoma mbili, na kaunta buku moja nene ambayo kila mtunzi wa muziki tunayemsoma amepewa ukurasa wake. Juu naandika jina kwa kalamu nyekundu. Chini yake kuzaliwa, kufariki, nchi, na mambo aliyoyafanya. Watoto wanakuja kunakili. Bach yumo, Handel yumo, Siti binti Saad yumo, Mbaraka Mwinshehe yumo.

Ukurasa wa 31 nilimwandika Arnold Schönberg, mtunzi wa Vienna, yule aliyeacha kabisa utaratibu wa muziki tuliouzoea na kuanza kutunga kwa noti zote kumi na mbili. Habari hizo nilizitoa kwenye kitabu cha zamani alichoniachia rafiki yangu alipohamia Mpanda. Miezi imepita. Wiki mbili zilizopita nikasoma kwenye simu habari za Arnold Schoenberg, mtunzi wa Marekani, mwalimu wa chuo kikuu Los Angeles, aliyefariki 1951. Nikamfungulia ukurasa wa 44.

Jumamosi kijana mmoja wa darasa la sita akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu na yule wa ukurasa wa 31 wamezaliwa siku moja?"

Nikafunua. 13 Septemba 1874 ukurasa wa 31. 13 Septemba 1874 ukurasa wa 44. Mwandiko wangu mwenyewe, kalamu ileile, na mimi sikuona.

Basi nauliza. Ni mtu mmoja? Kama ni mmoja, jina lake sahihi ni lipi? Na kuna Schonberg wa tatu, hana nukta wala e, anatajwa kwenye makala za magazeti ya New York kuhusu muziki. Huyo naye ni yeye?

Mtu anaweza kusema ni herufi moja tu, kuna ubaya gani. Kwetu nyumbani herufi moja ilitutesa. Marehemu baba jina la ukoo wake liliandikwa kwa r kwenye barua ya ajira na kwa l kwenye cheti cha kustaafu, kwa sababu karani mmoja alisikia hivi na mwingine akasikia vile. Alipofariki, ofisi iliyohusika na mafao ilituambia hao ni watu wawili. Mama alizunguka miaka miwili na bahasha ya kaki, mpaka kikapatikana kiapo cha majina mahakamani. Naikumbuka ile bahasha, pembe zake zilikuwa zimelainika kama kitambaa. Kwa hiyo nisingependa mimi, kwenye daftari la watoto, nimkate mtu vipande viwili.

Masjala_Mstaafu (Tabora)

Mwalimu, salaam kutoka Isevya. Pole sana kwa ya mzee.

Mimi si mtu wa muziki, ila muziki napenda kuusikiliza, na masjala nimekaa miaka thelathini na moja. Swali lako ni la masjala kabisa. Tulifundishwa hivi: jina peke yake halimthibitishi mtu, na jina peke yake halimkanushi. Unatafuta vitu vingine vya kusimama navyo. Alizaliwa lini, wapi, kwa baba na mama gani. Vikikubaliana vyote, herufi haina nguvu ya kumgawa. Kijana wako wa darasa la sita ameanza na tarehe. Mpe heshima yake, angefaa masjala.

Ni mtu mmoja. Mfuate kwenye makaratasi utamwona anavyotembea.

Alizaliwa Vienna tarehe hiyo uliyoandika. Baba yake Samuel alikuwa na duka la viatu, mzaliwa wa Szécsény huko Hungaria, baadaye akakaa mji wa Pressburg kabla ya kwenda Vienna. Mama yake Pauline, wa ukoo wa Nachod, alitoka Prague. Hapo hapo angalia mtego mwingine: huo mji wa Pressburg, Wahungaria wanauita Pozsony, na leo kwenye ramani utaukuta kwa jina la Bratislava. Mtu asiyejua ataandika kwamba baba alikaa miji mitatu. Sisi wa Tabora hatushangai, maana Burton na Speke walipofika hapa 1857 walipaandika Kazeh.

Kwa wazazi wake ni Schönberg, o yenye nukta mbili juu. Nukta zile kwa Wajerumani si pambo. Zinaibadilisha sauti: midomo unaikusanya kama unasema o, lakini ulimi unasema e. Familia ilikuwa ya Kiyahudi. Mwaka 1898, akiwa na miaka 23, alibatizwa Mlutheri palepale Vienna, kwa hiyo utamkuta kwenye vitabu vya dini mbili. Ukimtafuta kwenye vitabu vya kanisa peke yake, kuzaliwa kwake hukuoni. Ukimtafuta kwa Wayahudi peke yake, miaka thelathini na tano inapotea. Ndoa zake ni mbili. Ya kwanza 1901 na Mathilde, dada wa mtunzi Zemlinsky. Mathilde alifariki 1923, na mwaka uliofuata akamwoa Gertrud Kolisch, ambaye kaka yake alikuwa mpiga fidla mashuhuri.

Sasa njoo 1933. Alikuwa profesa Berlin, kwenye Chuo cha Sanaa cha Prussia. Hitler anashika madaraka Januari, na kwa kuwa alizaliwa Myahudi, nafasi yake inaondoka. Mwezi Mei anakwenda Paris. Tarehe 24 Julai, hapo Paris, anarudi rasmi kwenye dini ya Kiyahudi, na mmoja wa mashahidi waliotia sahihi ni mchoraji Marc Chagall. Hilo karatasi mimi lilinigusa sana niliposoma habari zake. Mtu ananyang'anywa kazi kwa sababu ya asili yake, naye anakwenda kuiandikisha asili ile ile kwa wino, mbele ya mashahidi. Tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo meli inamfikisha New York.

Na hapo ndipo nukta zinapodondoka. Marekani hawana ö kwenye maandishi yao wala kwenye taipureta zao. Wajerumani wenyewe wana kanuni ya zamani: ukikosa nukta, andika oe. Akachagua hivyo yeye mwenyewe, akawa Schoenberg, na akabaki hivyo. Uraia wa Marekani aliupata 11 Aprili 1941. Nasisitiza neno alichagua, Mwalimu. Baba yako hakuchagua r wala l, aliandikiwa. Huyu aliandika mwenyewe, kwa hiyo yote mawili ni majina yake halali, kila moja na wakati wake.

Huyo Schonberg wa tatu, asiye na nukta wala e, ni mtu mwingine kabisa. Ni Harold Schonberg, aliyekuwa mhakiki wa muziki wa gazeti la The New York Times, alizaliwa 1915. Usimwingize. Na ukikutana na Claude-Michel Schönberg, huyo ni Mfaransa, naye mtunzi, wa kizazi cha baadaye. Kazi inakuwa ngumu kwa sababu wote ni watu wa muziki, na mashine ya kutafutia inawachanganya. Kwa Arnold tafuta kwa maandishi yote matatu, kwa sababu wapo wachapaji wanaodondosha nukta bila kuweka e. Maktaba ya Bunge la Marekani inamweka chini ya Schoenberg. Kituo cha kumbukumbu zake kilichoko Vienna tangu 1998 kinaandika Schönberg. Karatasi zake zilikuwa Los Angeles miaka mingi, kisha zikarudi mji aliozaliwa, na nukta zikarudi juu ya jina mlangoni.

Ushauri wangu wa kazi: usichane ukurasa wa 44. Masjala hatuchani jalada. Andika juu yake kwa kalamu nyekundu "Tazama uk. 31", na uk. 31 andika "Tazama uk. 44". Mtoto atakayekuja miaka kumi ijayo ataona kosa lilivyotokea na lilivyorekebishwa.

Mtoto_wa_Kibirizi (Kigoma)

Nukta mbili juu ya o? Mbona tunazo hapa hapa ziwani.

Meli yetu Liemba jina lake la kwanza ni Graf von Götzen, la yule gavana wa Kijerumani. Ilijengwa Papenburg 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa maboksi kama 5,000 hadi Dar es Salaam, halafu kwa reli mpaka huku, ikaunganishwa na kuingizwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili adui asiipate, baada ya kuzipaka injini grisi nzito. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Babu yangu alikuwa kuli bandarini, na mimi nilipokuwa nakusanya habari za meli hii kwa ajili ya wageni ninaowatembeza, nilipata shida ileile ya Mwalimu. Kitabu kimoja Götzen. Kingine Goetzen. Cha tatu Gotzen. Nilidhani zilikuwa meli mbili za ndugu, moja ikazama na nyingine ikabaki. Nimewasimulia watu hivyo kwa msimu mzima, na inaniuma mpaka leo, kwa sababu wapo waliorudi kwao na uongo wangu.

Kilichonitoa ni kama anavyosema mzee wa masjala, vitu vya pembeni. Mahali ilipojengwa ni pamoja. Urefu ni uleule. Mwaka wa kuzama uleule. Meli moja, na chuma kile kile mpaka leo.

Mwalimu_wa_Kinanda

Mzee wangu wa Tabora, shikamoo. Nimesoma jibu lako mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mama. Aliposikia "hakuchagua, aliandikiwa" alinyamaza kidogo, akasema, "Huyo mzee anajua."

Kurasa zimeunganishwa kwa kalamu nyekundu kama ulivyoelekeza. Kaka wa Kibirizi, ahsante, Jumamosi nawapeleka watoto bandarini kabla ya somo.

Sasa nina la nyongeza. Watoto wameshika huyu mtu, hawamwachii. Wanataka nimpige. Nilijaribu kuwaandikia noti zake kwa solfa nikashindwa, siwafichi. Kila nikianza nakwama kwenye do. Nikiiweka hapa, noti ya nne inaikataa. Kuna mtu anayeweza kunisaidia nimfikishe kwa watoto wanaojua do re mi tu?

Tena_wa_Gungu (Kigoma)

Mwalimu, hukushindwa. Umefika pale pale alipotaka ufike.

Solfa yetu inasimama juu ya do. Do ni nyumbani. Ukiimba ti, sikio linakuvuta urudi do, na wimbo ukiishia kwenye re kanisa zima linabaki linasubiri. Schönberg, baada ya kutunga miaka mingi kwa utaratibu huo (na alitunga vizuri mno, usidhani alikimbia kwa kutojua), akafika mahali akasema noti zote kumi na mbili, vitufe vyeupe na vyeusi, ziwe sawa, pasiwe na hata moja iliyo nyumbani. Kwenye miaka ya mwanzo ya 1920 akaweka utaratibu: zipange zote kumi na mbili kwenye mstari, usirudie noti mpaka nyingine zote zimepita. Halafu mstari huo unaweza kuuimba kutoka mwisho kuja mwanzo, au ukaupindua ili kila panapopanda pashuke, au ukafanya yote mawili kwa pamoja. Njia nne hizo, na kila moja inaweza kuanzia kwenye noti yoyote kati ya kumi na mbili. Jumla 48 kutoka mstari mmoja. Kwa hiyo usiwaandikie solfa. Waandikie majina ya vitufe, ABC, wabonyeze.

Lakini kwa kuwa uzi huu ni wa jina, nina kitu kizuri zaidi cha kuwaonyesha. Jina lake linapigika.

Wajerumani noti zao wanaziita hivi. A, C, D, E, F, G ni kama zetu. Kile tunachokiita B, wao wanakiita H. B flati (kile kitufe cheusi kilicho kushoto mwa B) wao wanaiita B tupu. Na E flati wanaiita Es, ambayo ukiitamka ni herufi S. Kwa hiyo S ni noti na H ni noti. Ndiyo maana Bach aliweza kuandika jina lake lote kwenye muziki: B, A, C, H.

Mwanafunzi wa Schönberg aliyeitwa Alban Berg alimtungia mwalimu wake tamasha la piano, fidla na vyombo vya kupuliza kumi na vitatu, alilolimaliza 1925. Mwanzoni kabisa mwa kazi hiyo ameweka majina matatu kwa noti: la mwalimu, la mwanafunzi mwenzake Anton Webern, na lake mwenyewe. La mwalimu linatoka kwenye herufi za Arnold Schönberg zilizo noti, nyingine zinaachwa: A, D, S, C, H, B, E, G.

Kwa kinanda chako: A, D, E flati, C, B, B flati, E, G. Noti nane, na hakuna hata moja iliyojirudia. Ziangalie. Zinafuata sharti lake la kutorudia noti, kama vile jina lilizaliwa na utaratibu ndani yake.

Sasa andika kwa namna ya Marekani, Schoenberg. Ile e iliyokuja badala ya nukta nayo ni noti. Unapata A, D, S, C, H, E, B, E, G. Noti tisa, na E imepita mara mbili kabla zile nyingine hazijakwisha. Herufi moja ya meli na taipureta, na jina halifuati tena mstari wake. Mzee wa masjala amesema yote mawili ni halali na nakubali kwa karatasi. Kwa sikio ni nyimbo mbili.

Alikuwa mtu wa kuhesabu herufi kweli kweli. Namba 13 aliiogopa tangu zamani. Opera yake ya Musa na Haruni kwa Kijerumani ni "Moses und Aron", na Haruni kwa kawaida yao huandikwa Aaron. Hesabu "Moses und Aaron": herufi 13. Akatoa a moja. Mtoto wake wa kiume aliyezaliwa 1937 akaitwa Ronald; chukua Arnold, panga upya herufi zake, huongezi wala hupunguzi. Na alizaliwa tarehe 13, akafariki Ijumaa tarehe 13 Julai 1951, akiwa na miaka 76. Mimi si mshirikina, naeleza tu alivyoishi.

Watoto wakikua kidogo waambie na hili. Mwaka 1947 alitunga kazi ya dakika saba hivi kuhusu Wayahudi wa Warsaw waliokuwa wanapelekwa kuuawa. Msimulizi anasimulia, orkestra inakaza, na mwishoni kwaya ya wanaume inaibuka kwa Kiebrania na "Sikia, Israeli". Ilipigwa kwa mara ya kwanza Albuquerque, Marekani, Novemba 1948, na wanakwaya walikuwa watu wa kujitolea kama sisi, wengine wafugaji waliotoka mashambani kuja mazoezini. Nikichoka na kwaya yangu huku Gungu, pale besi wamechelewa kwa sababu dagaa wametoka, nawakumbuka hao. Kazi ya mwisho aliyoimaliza, 1950, ni Zaburi ya 130 kwa kwaya ya sauti sita. "Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia." Akaitunga kwa Kiebrania pia.

Nyota_ya_Malagarasi (Uvinza)

Nawaheshimu wakubwa, lakini naomba kuuliza kwa moyo mmoja. Watoto wa Ujiji wanahitaji mtu wa Vienna wa nini? Watunzi wa kwetu, wa ngoma za Waha, nani kawaandika kwenye kaunta buku?

Mwalimu_wa_Kinanda

Swali lako ni la haki, na limeniingia. Nimetenga kurasa kuanzia ya 60 kwa wapiga ngoma wa hapa. Shida niliyokutana nayo ni hiyo hiyo: mzee mmoja nimeambiwa majina yake manne na watu wanne, la kuzaliwa, la ubatizo, la utani na la ngoma. Kabla ya uzi huu ningefungua kurasa nne. Sasa nakwenda kuuliza kwanza baba yake ni nani na alizaliwa kijiji gani.

Masjala_Mstaafu

Hapo umenena. Na uliza pia nani alimpa kila jina, maana majina mengine ya ngoma hutolewa na wapinzani. Hata Mirambo wetu hakuzaliwa Mirambo, alikuwa Mtyela Kasanda. Na yule mwandishi aliyekuja kwenu Ujiji 1871 kumtafuta Livingstone, akijiita Henry Morton Stanley, aliandikishwa kwao Wales kwa jina la John Rowlands. Andika yote, weka tarehe uliyoambiwa na nani kakuambia.

Mwalimu_wa_Kinanda

Narudi kuwapa habari ya Jumamosi.

Bandarini tulikwenda asubuhi. Kaka wa Kibirizi alitupokea na kusimulia, na safari hii alisimulia meli moja. Watoto walichora nukta mbili juu ya o mchangani kwa vidole.

Mchana tukakaa bandani. Nikabandika karatasi juu ya vitufe, nikaandika kwa namna ya Kijerumani, H mahali pa B, S mahali pa E flati. Nikapiga Schönberg taratibu. Kukawa kimya. Msichana mmoja mdogo akasema, "Linasikika kama mtu anapanda ngazi gizani." Nikapiga Schoenberg. Yule kijana wa darasa la sita hakungoja niulize: "E imerudi." Nilitaka kumkumbatia.

Basi wakataka majina yao. Mengi hayapigiki, yana herufi chache mno za noti. Juma inabaki A peke yake. Wa kwetu wenye m na n na u walisononeka, nikawaambia tutawatafutia ngoma. Ndipo mmoja akaandika ubaoni Asha. Mnalijua jina hilo huku Ujiji, kundini kwangu ninao watatu. A, S, H, A. Herufi zote nne ni noti! Hakuna hata moja ya kuacha. Kwa kinanda ni A, E flati, B, A. Linaondoka nyumbani, linapanda mara mbili, linarudi lilipoanzia.

Wawili wakaruka kwa furaha. Wa tatu akabaki kwenye benchi. Nikamuuliza kuna nini. Akasema yeye shuleni ni Asha, lakini cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Aisha, na mwalimu wa darasa amemwambia kabla ya kujaza fomu za darasa la saba lazima baba yake akarekebishe, na baba yuko kambi ya dagaa, harudi mpaka mwezi uingie giza upite.

Nikamwambia aje kwenye kinanda, aandike Aisha kwenye karatasi, aniambie herufi ipi si noti. Akaangalia muda. "I," akasema.

"Basi iache, piga zilizobaki."

Akapiga kwa kidole kimoja. A. E flati. B. A. Akapiga tena. Kisha akageuka kuwaangalia wenzake wawili, akapiga mara ya tatu kwa nguvu, na wote watatu wakaimba.

Jumatatu nitakwenda na mama yake kufuatilia kile cheti. Mama yangu ametutafutia bahasha.